Ile karatasi ya kukataa

Kwa ajenti wa bima hapa Houston, karatasi ya kukataa huja mwishoni, umeshachoka na mtoto anakuvuta suruali. Unaoneshwa pa kutia sahihi, bei inashuka kidogo, unaondoka. Ulichokataa ni UM/UIM: kinga inayofanya bima yako mwenyewe ikulipe pale aliyekugonga hana bima (UM), au anayo ndogo isiyotosha (UIM). Sheria ya Texas inailazimu kampuni kuiweka mezani, na kuikataa ni kwa maandishi tu.

Wanaokataa wana hoja. Kama kazini una bima nzuri ya afya, na gari lako lina bima kubwa inayolitengeneza hata ukigonga mti, matibabu yako tayari yana mlipaji, na sehemu ya UM inayohusu mali ni koti juu ya koti. Unachookoa hasa ni tofauti ya makato, yaani kile unacholipa mwenyewe kabla bima haijalipa: Texas UM ya mali inakukata dola 250 kwanza, bima kubwa huenda inakukata 1,000.

La pili maajenti hawalitaji. Siku ya kudai, kampuni yako inageuka kuwa wakili wa aliyekugonga. Katika kesi ya Brainard dhidi ya Trinity, mwaka 2006, Mahakama ya Juu ya Texas ilisema kampuni haiwajibiki kulipa UM hadi mahakama iamue kwamba yule dereva ana kosa, na kwa kiasi gani. Na aliyekutupa mtaroni bila kukugusa, akatokomea? Hapa Texas lazima magari yawe yamegusana.

Mimi bado naichukua, ile ya mwili, inayolipa ukiumia. Insurance Research Council, taasisi ya utafiti wa bima, inakadiria kwamba mwaka 2023 asilimia 15.4 ya madereva Marekani hawakuwa na bima. Mwenye bima ya kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria ya Texas naye ana dola 30,000 tu kwa majeruhi mmoja. Dada mmoja ninayesali naye, msaidizi wa wagonjwa, alikuwa akipita taa ya kijani, akagongwa na dereva asiye na bima. Wiki sita hakuweza kumwinua mgonjwa, wiki sita hakulipwa. Bima ya afya ilimlipia hospitali, mshahara haikuuhusu. UM ya mwili inauhusu, na maumivu pia. Kumshtaki yule dereva? Texas haikati mshahara wa mtu kwa deni la aina hiyo, na nyumba anayoishi haiguswi. Ungeshinda kesi, ukabaki na karatasi.

Basi muulize ajenti bei ya mwili peke yake na ya mali peke yake. Kabla ya hapo fungua droo uangalie bima uliyo nayo: aliyetajwa humo yeyote, mume au mke, akishakataa mara moja, kukataa huko huendelea kila bima inapohuishwa, mpaka mmoja wenu aandike kuiomba.