Kabla ya kuhesabu wafuasi

Kuna makala nimeisoma, mwandishi wake anawalaumu wahadhiri wetu kuwa wako kimya mitandaoni na anataka kila profesa awe na wafuasi X. Kwa kiasi ni kweli, ila wengi wapo, tatizo wapo WhatsApp. Makala ya utafiti mtu kaihangaikia inatupwa kwenye kundi la idara kwa PDF, wenzake wanaandika "hongera Daktari", kesho yake imefukiwa na michango ya kicheni pati. Google haiingii humo.

Vinavyosaidia ni vitu vya bure visivyo na kelele. ORCID, mfumo wa kuwatambulisha watafiti kwa namba, ipo tangu 2012. Unapewa namba ya tarakimu 16 inayokutenganisha na kina Juma na Mushi wengine wote. Wasifu wa Google Scholar, Google ya kutafutia machapisho ya kitaaluma, nao haulipiwi. Halafu fungua kurasa za wafanyakazi za vyuo vyetu vingi: picha ya enzi hizo, machapisho hakuna, barua pepe ya Yahoo.

Hilo la kumtaka kila profesa awe na wafuasi wa X silikubali hata kidogo. Mtaalamu wa mbu si lazima aje kubishana na sisi usiku kucha.

Na wanaokimbilia kupakia kila kitu ResearchGate, mtandao wa watafiti kuwekeana machapisho, wasome kwanza mkataba wa jarida. Mwaka 2017 wachapishaji wa majarida Elsevier na American Chemical Society waliupeleka mtandao huo mahakamani Ujerumani kwa sababu ya makala zao zilizopakiwa humo bila ruhusa. Majarida mengi huruhusu nakala ya mwandishi, ile ambayo mchapishaji hajaipanga, iwekwe kwenye hifadhi ya chuo ya mtandaoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, hifadhi hiyo ipo, chuo cha Muhimbili ipo. Waulizeni wakutubi, jamani.