Tusitupe msimbo wa magemu yetu ya zamani

Msanidi wa magemu akiulizwa kuhusu kazi zake za zamani, mara nyingi huanza na zile zilizouzwa: lipi lilipata wachezaji wengi, lipi lilisifiwa, lipi lilimpa jina. Mimi nikizitazama zangu naona thamani kubwa imelala kwingine, kwenye faili ambazo mchezaji hakuziona kamwe. Msimbo, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta, michoro iliyokataliwa, daftari la maelezo, ramani za hatua zilizoondolewa wiki ya mwisho. Humo ndimo zilimo sababu za gemu kuwa lilivyo, na hivyo ndivyo vitu tunavyovitupa bila hata kufikiria.

Kuna mfano mmoja mdogo naupenda sana. Katika gemu langu la zamani la kurukia majukwaa, mistari michache ya msimbo inahesabu fremu, yaani picha moja moja zinazopita kwenye skrini, tangu mhusika alipoacha ukingo. Gemu linakwenda kwa fremu 60 kwa sekunde. Mchezaji akibonyeza kitufe cha kuruka ndani ya fremu 6 baada ya mguu kutoka ukingoni, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde, mhusika anaruka kana kwamba bado amesimama. Kwa sheria za fizikia huo ni uongo. Kwa mchezaji ni haki, maana yeye ana hakika kwamba aliwahi. Ukilicheza hutaiona namba hiyo, utahisi tu kwamba vidole vyako vinasikilizwa. Pembeni ya ile 6 niliandika: 4 inawaudhi watu, 10 inawafanya waone wanaelea. Sentensi hiyo ilitokana na kukaa na kuwatazama watu wakicheza, mmoja baada ya mwingine, na haimo popote ila ndani ya faili lile.

Ndiyo maana habari ya Jordan Mechner hunigusa kila ninapoikumbuka. Yeye ndiye aliyeandika Prince of Persia kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, gemu lililotoka mwaka 1989. Msimbo wake asilia ulikuwa umepotea miaka mingi, mpaka mwaka 2012 baba yake alipozikuta diski zikiwa sandukuni. Diski za sumaku hazidumu milele. Watu wanaozijua mashine zile walimsaidia kuzisoma, msimbo ukatoka salama, naye akauweka hadharani mwaka huohuo.

Leo yeyote anaweza kuusoma na kuona jinsi mtu mmoja alivyobana mwendo laini wa binadamu, alioupata kwa kufuatisha video ya mdogo wake akikimbia na kuruka, ndani ya kumbukumbu ya kompyuta finyu kiasi kile. Mechner amesimulia pia alikotoka mpinzani wa kivuli anayemkabili shujaa wa gemu hilo. Kumbukumbu ilikuwa imejaa, hapakuwa na nafasi ya michoro ya adui mwingine, basi picha zilezile za shujaa zikachezewa kwa hesabu ya biti, zile 0 na 1 zinazounda picha, hadi akatoka pacha wake. Kwa kucheza tu, nani angelijua hilo?

Upande wa pili lipo Kingdom Hearts la mwaka 2002. Ulipofika wakati wa kulitengeneza upya kwa skrini za ubora wa juu, toleo la 2013, ikabainika kwamba sehemu kubwa ya data asilia haipo. Timu ikalazimika kuchimbua ndani ya nakala iliyouzwa madukani na kuunda upya vilivyokosekana. Hilo ni gemu lililouza mamilioni, la kampuni yenye uwezo. Mwaka 2023 Video Game History Foundation, taasisi ya kuhifadhi historia ya magemu, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya magemu ya zamani yaliyotolewa Marekani kabla ya 2010 hayapatikani tena sokoni. Na hayo ni magemu yaliyokamilika. Msimbo wake je?

Sisi tuliojifunzia kazi kwenye Flash, teknolojia ya Adobe iliyoendesha magemu ndani ya vivinjari vya intaneti, tunalijua hili vizuri. Adobe ilipositisha Flash mwishoni mwa 2020, vivinjari viliacha kuyafungua magemu yetu. Ruffle, programu ya chanzo huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, inayafufua mengi, na mradi wa Flashpoint umekusanya shehena kubwa ajabu. Nawashukuru watu hao kwa moyo wote. Lakini walichoweza kuokoa ni gemu lililokwisha kukamilishwa na kufungashwa kwa wachezaji. Faili la kazi, lenye matabaka ya michoro na maelezo ya msanidi, lilibaki kwenye kompyuta ya mwenyewe, na asipoliokoa yeye hakuna wa kuliokoa.

Wapo wenzangu wanaosita kwa sababu msimbo wao wa zamani umevurugika. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Msimbo wa gemu huandikwa na mtu anayekimbizana na tarehe, na vurugu zake zina habari. Lile sharti refu ndani ya msimbo la kumzuia adui asipenye ukuta katika hatua moja tu linamwonyesha anayejifunza mahali kazi ilipokuwa ngumu. Anayesoma vitabu vya mafunzo peke yake hudhani magemu huandikwa safi toka mwanzo, kisha akiuona wake umechafuka anakata tamaa na kuacha.

Hoja ya kampuni ni nzito zaidi: hakimiliki, mikataba ya muziki, injini za watu wengine, yaani programu za msingi ambazo gemu hujengwa juu yake. Lakini jibu lilishapatikana zamani. Kampuni ya Id Software walitoa gemu la Doom mwaka 1993, na Desemba 1997 wakaufungua msimbo wake. Maktaba ya sauti, yaani msimbo wa kutoa sauti, ya toleo la mfumo wa kompyuta wa DOS haikuwa mali yao, kwa hiyo walitoa msimbo wa toleo la mfumo mwingine, Linux. Michoro, sauti na ramani zilibaki za kampuni, na gemu likaendelea kuuzwa. Mwaka 1999 wakalegeza leseni zaidi, wakatumia GPL, leseni ya chanzo huria.

Nataka kifungu cha namna hiyo kiwemo kwenye mikataba yetu tangu siku ya kwanza: gemu likishaacha kuuzwa, msimbo ufunguliwe, au angalau nakala ikabidhiwe kwa hifadhi, pamoja na daftari, michoro na majina ya wote waliolifanyia kazi. Wote, hata walioondoka kabla gemu halijatoka. Mchoraji aliyeacha kazi katikati ya mradi mara nyingi hayumo kwenye orodha ya majina inayopita mwishoni, na ushahidi pekee kwamba ule msitu wa hatua ya tatu ni kazi ya mkono wake umo kwenye kumbukumbu za mabadiliko ya faili.