Kitabu Kilichofika Kabla ya Kuombwa

Mkurugenzi alisoma kwa sauti, mbele ya kikao kizima, kwamba maktaba yetu imepata asilimia 112 ya vitabu ilivyoomba kuazima kwa maktaba nyingine. Kimya. Kisha mhasibu akashusha miwani puani.

"Yaani walituletea hata tusivyoomba?"

Kwenye ripoti yangu, maombi yaliyotumwa yalikuwa 412, yaliyotimizwa 461. Niligawa hivyohivyo, bila kupepesa jicho. Kumbe mfumo wetu, kila msomaji akiongezewa muda wa kukaa na kitabu, hufungua mstari mpya wenye namba ileile ya ombi. Mistari hiyo ilikuwa 74. Mzee mmoja peke yake alikuwa na sita, kitabu kimoja! Halafu kulikuwa na maombi 31 ya Desemba ya mwaka uliotangulia ambayo vitabu vyake viliingia Januari: kwenye yaliyotimizwa nimeyahesabu, kwenye yaliyotumwa hayamo. Ondoa hayo yote, unabaki na 356, yaani asilimia 86. Namba ya kuringia kabisa, ila nani atakuamini ukishatangulia na 112?

Kilichonimaliza kilikuwa ukurasa wa pili, wa muda wa kusubiri. Ombi moja lilisomeka siku 241, na mbele yake alama ya kutoa.

Tuliliomba 10 Machi, kitabu kikafika 2 Aprili. Siku 23, basi. Lakini kwenye faili ziliandikwa 10/03 na 02/04, na kompyuta niliyotumia hutanguliza mwezi: ikasoma 3 Oktoba na 4 Februari. Zile za kuanzia tarehe 13 ndizo zilizonidanganya zaidi. Mwezi wa 13 haupo, kwa hiyo kompyuta iliziacha kama maandishi matupu na kuziruka kwenye wastani, bila hata kunung'unika.

Usiku ule niliandika tarehe zote upya, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Kila namba ya ombi nikaihesabu mara moja tu, kwenye mwaka lilipotumwa. Kopi za makala, zinazokuja kwa barua pepe siku ileile, nikazitenga na vitabu vinavyopita posta.

Asubuhi nikapeleka ripoti mpya. Mhasibu hakuifungua. Alitaka jina la ile maktaba inayotuma kabla hujaomba, aagize kwao bajeti ya mwakani.