Chama gani?

Mtaani kwetu yuko mzee mmoja, fundi seremala, ambaye kila jambo humwangukia. Mtaro ukiziba anaitwa yeye. Vijana wakishikana mashati anaitwa yeye. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipokaribia, tulimfuata watu kama kumi, tukakaa juu ya mbao zake pale karakana, tukamwomba agombee uenyekiti wa mtaa. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali. Kesho yake nikamsindikiza kuulizia fomu. Kabla hata hajatoa kitambulisho, kijana aliyekuwa mezani akamuuliza: "Chama gani, mzee?" Akajibu kwamba hana chama, ametumwa na majirani. Yule kijana alimhurumia kweli, ilionekana usoni. "Basi kachukue kadi kwanza, mzee wangu. Ya chama chochote tu."

Hayo maneno "chama chochote tu" hayajanitoka kichwani hadi leo, na yamenirudisha kwenye jambo ambalo watu wengi wa umri wangu tulilipokea shuleni bila kulichunguza: vyama vingi vilitufikiaje hapa Tanzania.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka Bara na Zanzibar kuwauliza wananchi wanataka mfumo upi. Karibu asilimia 80 walisema chama kimoja kiendelee. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama asilimia 20. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na katikati ya mwaka 1992 sheria ikaanza kazi.

Wapo wanaouliza mpaka leo: demokrasia gani hiyo ya kushurutishwa? Mlituuliza, tukajibu, mkafanya kinyume. Naielewa hasira yao, kwa sababu babu yangu alikuwa upande huo. Kwake uchaguzi ulikuwa jembe na nyumba: wagombea wawili wa ubunge, wote wa chama kilekile, mmoja alama yake jembe, mwenzake nyumba, na wananchi waliweza kumwangusha hata waziri wakimchoka. Kwenye urais jina lilikuwa moja, unapiga ndiyo au hapana. Hakuona kilichopungua.

Mimi lakini nasimama na Nyalali. Babu hakunyang'anywa kitu mwaka 1992. Alibaki na kadi yake ya kijani, akakipigia chama chake kura 1995, na kadi hiyo tuliikuta sandukuni alipofariki. Kama wengi wangesikilizwa, yule mmoja kati ya watano ndiye angepoteza kila kitu: angekatazwa kujiunga na watu wanaofikiri kama yeye, na angekatazwa na jirani zake mwenyewe. Yako mambo ambayo hata tukijaa uwanja mzima na yeye akawa peke yake, hatuna haki ya kumpigia kura. Analowaza na anayeambatana naye ni mojawapo.

Kinachoniuma ni kwamba hoja hiyo njema iliishia njiani. Tume ileile ilitaja sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa, ikiwemo ile ya 1962 ya kuweka watu kizuizini na ile ya magazeti ya 1976. Hii ya magazeti ilidumu mpaka 2016, na iliyochukua nafasi yake bado inataka gazeti lipewe leseni. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: ukitaka kuandika blogu, leseni, na gharama zake zilipita shilingi milioni mbili. Yangu niliifunga jioni moja, nikiwa nimekaa kitandani, simu mkononi. Ilikuwa ya mapishi na siasa kidogo. Baadaye masharti yalilegezwa, lakini mazoea ya kujiuliza "hivi hili linaruhusiwa?" kabla ya kuandika sentensi, hayo hayalegezwi na kanuni.

Pale kwenye meza ya fomu ndipo naona jambo lilivyo. Zamani uhuru wako ulipita kwenye chama kimoja. Sasa unachagua kati ya vyama kadhaa, ila kupita kwenye chama ni lazima. Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alilishika jambo hili akaling'ang'ania kwa miaka karibu 20. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alikubaliana naye kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Haikuchukua miezi, Bunge likabadili Katiba kuizima hukumu hiyo. Akarudi mahakamani, akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la kisiasa, liachiwe Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa Arusha, na Juni 2013 ikaamua kwamba haki zake zimevunjwa. Mtikila alifariki 2015, sheria ikiwa palepale. Mwaka 2019 serikali yetu ikaondoa tamko lililomruhusu raia kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Nimesikia utetezi wa wanaotaka sharti la chama libaki. Kwamba mgombea binafsi ataleta ukabila, udini, matajiri kununua viti. Hofu hizo si za kubuni, lakini niambieni ni ipi kati yake ambayo kadi ya chama imeizuia. Kenya imewaruhusu wagombea binafsi kwa Katiba ya 2010, na Bunge la Uganda linao wabunge wasio na chama. Nchi hizo zina matatizo yake, nakiri, ila hilo silo lililoziangusha.

Fundi wetu hakuchukua kadi. Alisema akiichukua atakuwa amewadanganya wenye chama, na sisi tuliomtuma pia, kwa siku moja. Masika haya mtaro ulipoziba tena, watoto walitumwa mbio karakana kama kawaida. Alikuja na koleo na wanawe wawili, suruali zimekunjwa mpaka magotini, wakaanza kuchimba.