Mbao za Babu

Mwembe wetu wa Kisauni uliangushwa na upepo wa kusi, nami nikaona haramu ugeuke kuni. Nikaita mwenye msumeno wa mota, akaupasua mbao za inchi 2. Mti wenyewe ulikuwa umejinyonganyonga, kwa hivyo hakuna ubao uliozidi futi 4.

Fundi seremala mmoja mzee akanipa masharti. "Zipange kivulini, zisiguse ardhi. Kila safu tia vijiti katikati upepo upite. Ncha zipake rangi, maana huko ndiko maji hutoka kwa pupa, ubao ukapasuka. Kisha ngoja. Inchi 1, mwaka 1. Na kwa hewa hii yetu, chumvi yenyewe haikauki, usinihesabie siku."

Kivuli kilikuwa mahali pamoja tu: barazani, chini ya dirisha la Babu. Nikazipanga, ncha nikazipaka rangi nyekundu iliyobaki ya geti, juu nikaweka mawe zisijipinde. Huyoo, kazini Changamwe.

Sasa, Babu alikuwa na homa, siku ya tatu hajaonekana msikitini. Na mbao fupi zikipangwa nje ya chumba cha mgonjwa, mtu wa Pwani haulizi za nini. Ni za kufunikia mwanandani, pale maiti anapolazwa ndani ya kaburi.

Narudi jioni, njia imejaa viti vya kukodi. Kina mama na mabuibui yao wako chini ya ukuta, wanalia. Mlango umefungwa, Mama yuko sokoni Kongowea, na hakuna aliyethubutu kubisha. Magoti yakanilegea. Nikakaa nikalia nao, mimi niliyezipanga kwa mikono yangu!

Jirani akanishika bega. "Pole, mwanangu. Ila umejitahidi, mashallah, mbao umeziwahi."

Mwingine alikuwa akizigongagonga. "Mbona mbichi? Na rangi nyekundu ya nini?"

Hapo ndipo akili ilinirudi. Kabla sijafungua mdomo, mlango ukafunguka. Babu, na kikoi chake, anapikicha macho.

"Nani alokufa?"

Watu walivyotawanyika! Hadi leo tuna ndara saba zisizo na wenyewe.

Nilipomweleza, hakukasirika. Alizizunguka zile mbao, akapima unene kwa vidole.

"Zitakauka lini?"

"Miaka miwili, Babu. Kila inchi, mwaka."

Akanitazama kwa masikitiko.

"Sasa wewe, mbona hukumwambia azipasue za inchi 10?"