Imekatwa Mstari, Haijakatwa Bei

Leo asubuhi gari la matangazo limepita mtaani kwetu Magomeni, hapa Mtwara, kwa kelele mpaka kuku wakaingia ndani. "Punguzo! Punguzo kubwa la msimu! Wahi, mzigo unakwisha!" Novemba hii. Hela ya mnada wa korosho imeingia benki juzi, foleni ya wakulima kwenye mashine ya kutolea pesa imefika barabarani, na leo ndiyo watu wa nguo wanashikwa na huruma. Mwezi wa tano huruma hiyo ilikuwa wapi? Mwezi wa tano nilipita duka hilo hilo, muuzaji amelala juu ya fulana, nikaulizia bei, akanijibu bila kufungua jicho: haipungui.

Hata hivyo nilikwenda. Nieleweke: mimi ni mtu mzima, fundi feni ninayejulikana, katibu wa kamati ya mazishi ya mtaa, sifukuzwi nyumbani na spika. Nilikwenda kwa sababu mdogo wangu wa Nanguruwe anamtoa mwanawe jandoni likizo hii ya Desemba, na baba mkubwa wa mtoto hawezi kusimama mbele za watu na suruali inayong'aa magotini. Mtoto mwenyewe ameshakamilishiwa: shati, viatu, kofia, miwani ya jua, na saa ya mkononi isiyotembea. Baba mkubwa anajitegemea.

Bodaboda akaniambia elfu mbili. Wiki iliyopita ilikuwa elfu moja, njia ile ile, pikipiki ile ile, ila na yeye ana redio, amesikia habari za mnada. Nikatembea.

Mlangoni pa duka wamesimamisha sanamu mbili hazina vichwa, zimevalishwa makoti. Sikuzishangaa. Ningevalishwa koti Mtwara mwezi wa kumi na moja, na mimi kichwa kingeniondoka.

Ndani kuna dada, kanipokea vizuri sana. "Karibu baba! Shikamoo baba! Leo umeotea, kila kitu kiko kwenye ofa." Nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye hela, maana ukiingia dukani kinyonge unaonyeshwa za kinyonge. Nikapitisha mkono kwenye suruali, nikavuta moja ya rangi ya majivu, kitambaa kizito kile kinachoshika pasi. Kibandiko kimeandikwa 45,000, imekatwa kwa kalamu nyekundu, chini yake 35,000 na alama ya mshangao. Alama yenyewe nene kuliko tarakimu.

"Hiyo baba umeokoa elfu kumi," akasema.

Nikamwambia elfu kumi hiyo nipe sasa hivi nishike, suruali tutaongea baadaye. Akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nasema kweli.

Sasa, kazi yangu ni kufungua vitu. Mtu akiniletea feni simuulizi inaumwa nini, nafungua. Kidole kikaenda chenyewe kwenye pembe ya kibandiko, ukucha ukaingia, gundi ikaachia taratibu. Chini ya kile kibandiko kuna kingine. 28,000. Hakijakatwa mstari, hakina mshangao, kimekaa kimya. Nikaendelea. Chini ya 28,000 kuna kingine, kimefifia, kona moja imeliwa, lakini namba inasomeka: 25,000.

"Dada," nikamwita, "hii nayo ni nini?"

Akaitazama. "Aaa, hiyo ya chini ya mwezi wa sita, baba."

"Na suruali ni ipi, ile ya mwezi wa sita au nyingine?"

"Ni hiyo hiyo."

"Tangu mwezi wa sita imefanya nini?"

Akafikiri kweli, namheshimu kwa hilo. "Imening'inia."

Imening'inia! Wajameni, suruali imening'inia ukutani miezi mitano, haijala, haijafua, haijamlea mtu, imepanda elfu ishirini, kisha imeshushwa elfu kumi, na mimi natakiwa nishukuru. Mimi mwenyewe nimening'inia mji huu tangu feni za chuma zile nzito, kufunga koili ya feni bado watu wananiambia elfu tano, fundi, tusaidiane.

Yale maneno nadhani niliyasema kwa sauti, maana pazia la ndani likafunguka akatoka tajiri mwenyewe na kikokotoo mkononi. Tajiri akitoka na kikokotoo ujue hesabu imeshapigwa huko ndani, huku anakuja kuigiza. Akabonyeza, akatikisa kichwa, akabonyeza tena. "Mzee wangu, tusidanganyane. Mzigo unatoka Kariakoo. Kuna kodi ya fremu, kuna umeme, kuna wasichana wa kazi. Halafu barabara, si unajua ilikatika Somanga."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Barabara ya Dar ilikatika Mei 2024, mvua na kile kimbunga Hidaya, tukakaa huku kusini hatujui gari litafika lini. Nakubali, ilikuwa tabu, nyanya tulizihesabu. Lakini ilitengenezwa! Mabasi yanapita, magari ya korosho yanapita, harusi zinatoka Dar zinafika zimechangamka. Ni kwenye bei ya suruali tu barabara bado imekatika.

"Sema yako, mzee," akasema.

"Ishirini na mbili."

Akakiweka kikokotoo chini kama anaweka jeneza. "Hujanifikisha. Mtaji hautoki. Nifungulie biashara, nipe thelathini na mbili."

"Ishirini na tatu, na kibandiko cha mwezi wa sita ninacho mkononi."

"Thelathini. Nakupa na soksi."

Soksi! Mtwara! Nimwambie nini mtu huyu? Nikapanda mpaka ishirini na tano, bei ya kibandiko cha chini kabisa, bei waliyoiandika wao kwa mkono wao. Dada kaniunga mkono kwa macho, nilimwona. Tajiri anavuta pumzi, anakaribia kabisa kushuka, najua sura ya mtu anayekaribia kushuka, na hapo ndipo nyuma yangu ikatoka sauti:

"Mzee, hiyo unaichukua au unaisoma?"

Nageuka, namkuta bwana mmoja katoka Newala. Nilijuaje katoka Newala? Vumbi jekundu la juu kule liko mpaka kwenye nyusi, na mfuko wa shati umetuna upande mmoja. Akaichukua suruali mkononi mwangu, kwa adabu, siwezi kumsingizia, akaiinua juu ya mwanga, akaikunja.

"Ngapi?"

"Thelathini na tano," tajiri akasema, hata kope haikucheza.

"Nipe nne."

Hakuuliza saizi. Kiuno chake na cha ile suruali havijawahi kusalimiana. Akahesabu noti mpya zinazolia, akaongeza mkanda, akaongeza kanzu mbili, akaongeza dera la mtu ambaye hakumtaja. Yule dada aliyekuwa ananiita baba akapita mbele yangu akasema, "Samahani anko, sogea kidogo." Dakika tano tu nimeshuka kutoka baba hadi anko. Mimi peke yangu ndiye niliyepunguzwa leo dukani.

Nikatoka na kibandiko changu kidoleni, hakibanduki. Ukutani wameandika kwa herufi kubwa, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Sawa. Sikuuziwa.

Simlaumu yule wa Newala. Ana shamba la korosho, amepulizia salfa, amelala bondeni akilinda, kapata chake. Mnada wa 2024 bei ilipita 4,000 kwa kilo, wacha mtu avae. Ninaolumbana nao ni hawa wa madukani wanaojifanya wanafuata msimu wa nguo. Msimu wa nguo ni wa wenzetu wa Ulaya, baridi ikiisha duka limejaa makoti, mwenyewe hana la kufanya, anashusha bei kwelikweli atoe nafasi. Sisi jua ni lile lile, fulana ya Januari ndiyo ya Julai. Nguo zetu zinafuata korosho. Korosho ikipanda, suruali inapanda. Korosho ikishuka, suruali inabaki juu ikisubiri mwakani.

Mara moja tu niliona zikisubiri zikachoka. Novemba 2018 Serikali ilisema korosho itanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakabeba magunia, na malipo yakakawia. Wenye maduka walishaleta mzigo wa kufa mtu. Wakulima wana karatasi mfukoni, si hela. Mpaka wakaanza kutuita barabarani kwa majina, fundi njoo, fundi shati lako hili hapa. Mwaka ule ndio nilivaa. Lakini utamwombea mkulima acheleweshewe hela yake ili wewe upate shati? Nina roho mbaya, ila haijafika huko.

Kwa hiyo ukitaka punguzo la kweli huku kusini, nenda kati ya Machi na Julai, ila si kwa yule anayelala juu ya fulana. Muuzaji hajala tangu asubuhi, ukimwambia elfu kumi na tano anakufungia kabla hujabadilisha mawazo. Tatizo ni moja tu, dogo: miezi hiyo na wewe huna hiyo kumi na tano. Kwangu mimi ndiyo kabisa, kusi likianza kuvuma, kuna upepo wa bure toka baharini, nani ataleta feni? Hata Idi ya mfungo nayo inajongea nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Zamani kidogo iliwahi kukutana na korosho, watu wakapendeza wenyewe. Ya 2025 ilituangukia mwishoni mwa Machi, korosho zimeshaliwa, ada za Januari zimeshatulamba, sare za shule zimemaliza kilichobaki. Na sare haijawahi kuwa na ofa, mnalijua hilo? Shati jeupe la mtoto wa darasa la tatu, ule upana wa leso, mwenye duka anaitaja bei huku anatazama pembeni.

Nikapita mitumbani. Kule nako kuna elimu yake. Belo likifunguliwa asubuhi, zile kamera, yaani nguo bora kuliko zote, zinachukuliwa na wajanja wenye maduka kabla hata kamba haijafika chini, sisi tunainamia kilichobaki. Nikaona mkono wa shati zuri la bluu umejitokeza kwenye rundo, nikauvuta. Upande wa pili ukavutwa. Nikavuta kwa nguvu, ukavutwa kwa nguvu. Kuinua macho, mama mkwe. Nikaliachia, nikampa shikamoo, nikamlipia.

Kijana wa pembeni akaniletea koti. Refu, la sufu, lina manyoya kwenye kola, na kibandiko cha dukani kwao bado kinaning'inia, kimeandikwa asilimia 70 imepunguzwa. Kwa hiyo hili koti limekataliwa huko huko kwenye barafu kwa punguzo la asilimia 70, likafungwa kwenye belo, likavuka bahari, limefika Mtwara kwenye joto hili linalofanya mishumaa ilale, na kijana anataka elfu ishirini "kwa sababu lina lebo, mzee." Nikamuuliza nitalivaa wapi. "Ukienda Njombe." Njombe nina nani?

Nyumbani nako hakukaliki. Mama watoto na mawifi zake wamekubaliana sare ya kitenge kwa ajili ya Nanguruwe, wakaenda sokoni ukoo mzima siku moja, kundi la watu kumi na kitu, wote wanaulizia kitenge kile kile cha njano. Mwenye kitenge si mjinga. Asubuhi kilikuwa bei moja, wa mwisho kununua alikuta nyingine kabisa. Halafu jana usiku simu ikaja, upande wa mke wa mdogo wangu nao wamechagua njano. Inabadilishwa. Ile ya njano je? Nikaambiwa nishonewe shati.

Basi, suruali yangu ya zamani nyeusi nimeipeleka kwa fundi cherehani afungue mapindo, apunguze pale magotini panapong'aa kama anaweza. Hakuna fundi cherehani mwezi huu asiye na rundo linalofika kifuani. Akanipima kiuno, akaandika namba, akanitazama, akaifuta akaandika nyingine, kisha akasema kwa sababu ya hiyo tofauti kuna elfu tatu zaidi. Nikamwambia mimi nimeleta suruali, kiuno sijakileta. Akasema vyote vinakuja pamoja, mzee, njoo Alhamisi. Alhamisi ipi, hakusema.