Mita ya LUKU ina akili kuliko kamera yangu

Mwaka jana nilimfungia mama kamera getini. Si kwa ajili ya wezi hasa. Goti linamsumbua, na kila anayegonga geti anamtoa kitandani, hata awe muuza sabuni. Nikamwekea programu kwenye simu, nikamwelekeza: mtu akigonga unabonyeza hapa, unamwona. Akafurahi. Siku ya tatu akanipigia: "Mwanangu, hii televisheni yako imekufa." Haikuwa imekufa. Bando la ruta lilikwisha usiku.

Mimi na bando sina ugomvi. Kilichoniudhi ni njia inayopita picha ile. Kutoka getini hadi kitanda cha mama hazifiki hatua ishirini, na simu na kamera vyote viko kwenye Wi-Fi moja. Lakini picha inatoka nyumbani, inapanda mnara wa simu, inavuka bahari hadi kwenye kompyuta ya kampuni iliyotengeneza kamera, kisha inarudi Tabata kumwonyesha mama geti lake mwenyewe. Kompyuta hiyo ya mbali ndiyo wauzaji wanaiita "wingu". Jina tamu, utadhani ni kitu kinachoelea hewani bure. Ni jengo la watu, lina mlango na kufuli, na siku wakiamua kulifunga kamera yako inabaki pambo la ukutani.

Ukiyaondoa maneno ya matangazo, vifaa hivi vina viungo vichache tu. Kuna sensa, inayohisi joto, mwanga, maji au mtu. Kuna kompyuta ndogo kama ukucha, inayopokea habari za sensa na kuamua. Na kuna redio ya kupelekea habari: Wi-Fi au Bluetooth kwa karibu, laini ya simu kwa mbali, au LoRa, ambayo inasema maneno machache sana lakini yanafika kilomita kadhaa, na betri yake inaweza kukaa miaka. Basi. Jina kubwa la jambo zima, intaneti ya vitu, lilitoka kwa Kevin Ashton mwaka 1999, alipokuwa Procter & Gamble, kampuni ya sabuni na vipodozi, akihangaika kujua kwa nini rangi ya mdomo inakwisha kwenye rafu za duka bila bohari kuwa na habari.

Sisi tumeviita vifaa janja, na nadhani Kiswahili kimelenga bila kukusudia. Mjanja si lazima awe mwerevu. Mjanja anaweza kula kwako akalala kwake.

Sasa itazame mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Hii ya kawaida, yenye kidude cha kubonyezea namba ukutani, haina intaneti wala laini. Haizungumzi na mtu yeyote. Unanunua umeme kwa simu, unaletewa tokeni ya tarakimu 20, unaiingiza kwa kidole, taa zinawaka. Nani kaiambia mita kwamba umelipa? Ni zile tarakimu zenyewe. Ni barua iliyofungwa kwa ufunguo wa siri ambao mita yako inao tayari ndani yake, ndiyo maana tokeni ya jirani kwako haifunguki. Ndani mna idadi ya uniti, na mna muda ilipotengenezwa. Mita inakumbuka tokeni zilizokwisha kuingia, kwa hiyo ukiirudia ile ile inaikataa.

Huo muda ndio uliotusumbua mwaka 2024. Mfumo huu, unaotumika nchi nyingi, ulikuwa unahesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu. Piga hesabu, ni miaka 32 kasoro kidogo. Zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana ukinunua umeme kipindi kile zilikuja tokeni tatu: mbili za kuingiza kwanza, kuipa mita ufunguo mpya na kuanza hesabu upya, ya tatu ndiyo umeme wako. Mtaani kwetu kila mtu alikuwa na nadharia yake. Mimi nilivua kofia. Mamilioni ya mita zisizo na mtandao zilibadilishiwa ufunguo na wenye nyumba wenyewe, kwa kubonyeza namba, na wengi wao hawakujua wamefanya nini.

Kasoro mita inayo. Mfumo wa kununulia ukilala, hununui. Lakini uniti ulizokwisha kuingiza zinaendelea kuwaka, maana mita haimngoji mtu.

Sisemi tukate waya zote. Seti za sola ambazo kampuni ya M-KOPA walianza kuziuza Kenya mwaka 2012 zina laini ya simu ndani. Ukilipa zinafunguliwa kwa mbali, usipolipa zinafungwa. Kufungiwa taa kunauma, lakini masharti unayajua tangu siku ya kwanza, na bila ile laini nani angekukopesha sola kwa malipo ya kila siku? Hapo mtandao una kazi. Na kazi yenyewe ni ndogo: kutuma neno fupi na kunyamaza. Kuna itifaki, yaani kanuni za vifaa kuzungumza, iliyotengenezwa kwa mwendo huo, MQTT, nayo ni ya mwaka 1999, ya kuchungulia mabomba ya mafuta kwa setilaiti, wakati ambapo kila herufi ilikuwa pesa. Waliobuni walikuwa na bando dogo kuliko la mama.

Wenye bando kubwa ndio waliotuletea Mirai. Mwaka 2016 programu hiyo ovu ilizunguka ikijaribu orodha ya nywila za kiwandani zipatazo 60 kwenye kamera na ruta, ikazikusanya kuwa jeshi, na tarehe 21 Oktoba likaizonga kwa maombi yasiyo na idadi kampuni ya Dyn, inayoelekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa sehemu za Marekani. Niliposoma habari hizo nilikwenda moja kwa moja kwenye kamera ya mama. Jina: admin. Nywila: admin. Fundi alikuwa ameniambia, "Usihofu kaka, kila kitu kiko sawa."

Nywila nimebadilisha. Wiki iliyopita nikaenda Kariakoo kutafuta kamera inayopeleka picha kwenye simu humu humu ndani. Kijana wa duka akaniletea tatu mezani, zote za maboksi mazuri. Nikamuuliza, "Hii bando likiisha inafanya nini?" Akaigeuza boksi, akasoma nyuma, akaigeuza tena.

"Bosi," akasema, "kwani wewe huwa huweki bando?"

Getini kwa mama sasa kuna kengele ya waya na kioo cha pikipiki nilichokifunga dirishani kwa pembe. Anamwona muuza sabuni bila kuinuka.